Habari za Theluji Iliyomwangukia Shangazi

Sogeeni, enyi mliowahi kungoja kompyuta ifunguke mpaka chai ikapoa, mpate kusikia habari za Mpiga Picha wa chumba cha nyuma, bwana wa kipanya chenye waya uliozungushiwa utepe, aliyeangusha theluji mchana wa jua kali, akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na mgongo.

Chanzo cha vita kilikuwa Shangazi yake, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha magari. Alikuwa ametoka nchi ya baridi, alikokwenda kumtembelea binti yake kwa wiki tatu. Kila asubuhi huko aliivizia theluji dirishani, na kila asubuhi theluji ikamnyima. Haikudondoka hata chembe. Lakini aliporudi, Mshonaji wa duka la jirani, hasimu wake wa miaka thelathini, alimwuliza mbele za wateja theluji ikoje, naye Shangazi akajikuta anasimulia jinsi ilivyomwangukia mpaka kope zikawa nyeupe. Mshonaji akasema vyema, angepita saa kumi kuziona picha.

Basi saa nane kamili Shangazi aliingia studio, akaufunga mlango, akauweka mkoba mezani kama shujaa awekaye ngao, akanena: "Mwanangu, ulipougua surua nilikubeba mgongoni siku tatu. Sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba theluji."

Mpiga Picha alikuwa amefuta chunusi za mabwana harusi na kufumbua macho ya waliosinzia, ila theluji hakuwahi kuiona kwa macho yake. Hilo hakulisema. Aliifungua picha: Shangazi kando ya barabara kavu, koti jeusi hadi vifundoni, na nyuma yake duka la viatu.

Shambulio la kwanza lilikuwa la brashi nyeupe, nukta moja moja. Shangazi aliinama, akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema hiyo ni tetekuwanga.

Shujaa hakurudi nyuma. Alitandaza tabaka jeusi juu ya picha nzima, akalinyunyizia chembe nyeupe maelfu kwa maelfu, akaiamuru programu iufiche weusi na kuuacha weupe, kisha akazivuta chembe zile zipate mwendo. Zikapata, ila kwa pembe aliyoikosea, theluji ikawa inapaa kutoka lami kuelekea mawinguni. Shangazi akauliza kwa upole kama huko juu kuna aliyeiagiza.

Ilipotimu saa tisa na nusu, mashine iliganda. Kishale kikageuka duara, duara likazunguka, nao wawili wakalitazama bila kupumua, maana kazi haikuwa imehifadhiwa. Hapo sauti ya kusimamisha magari ikashuka.

"Yule amenitangulia kwa kila kitu," Shangazi alisema. "Cherehani ya umeme, mjukuu, hata miwani. Nilitaka hiki kimoja tu."

Mpiga Picha alikunja mikono ya shati. Duara liliposimama, alihifadhi kazi, akaingia vitani mara ya tatu: chembe ndogo kwa mbali, za kadiri katikati, kubwa zenye ukungu karibu na lenzi, zote zikianguka upande upande kama zisukumwazo na upepo. Akazifuta zilizoziba macho ya Shangazi, akamwachia chache kwenye kope. Alipoondoa mkono kwenye kipanya, Shangazi alijikumbatia, akaomba feni izimwe.

Mshonaji alibisha hodi kabla ya saa yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alivaa miwani, akaikagua picha kama akaguavyo mshono wa mtu mwingine, kisha akagusa kioo kwa kidole. Ndani ya duka la viatu, nyuma ya kaunta, muuzaji alikuwa akinyeshewa theluji kichwani.

Shangazi aliketi kwenye benchi lililokuwa kando ya mashine, akaukumbatia mkoba wake. Mpiga Picha akaanza kukoroga kikombe kisicho na chai.

"Hapa kushoto," Mshonaji aliuliza hatimaye, bila kumtazama mtu, kidole kikiwa kando ya Shangazi pichani, "mtu mmoja anaweza kuenea?"

Shangazi akasogea kwenye benchi, akampisha.

"Anaenea," alisema, "akiwa na koti."

Mshonaji akasema koti analo, tena alilishona mwenyewe, akaenda kulichukua mbio.

Iandikwe basi, na isomwe na watakaozaliwa: kwamba ilipogonga saa kumi, katika mji usiojua baridi, theluji ilianguka juu ya wanawake wawili walioegemeana mabega, nao wakishindana, kwa sauti iliyofika barabarani, nani kati yao ameipata nyingi zaidi.