Siku Niliyokataa Kuzama Ubatizoni

Sifa ni kwa Mungu aliyenitoa mtoni leo nikiwa mzima, na miwani yangu usoni. Ndugu zangu wa nyumbani, leo nimeumbuka.

Mnajua kwamba tangu nihamie Juba baada ya amani kutiwa saini, kanisa lililo karibu nasi huku mtaani Gurei hubatiza kwa kuzamisha tu. Mimi nilinyunyiziwa maji nikiwa mtoto mchanga. Pasta Okello, Mganda mpole mwenye mikono kama koleo, aliniambia kwamba nisipozamishwa sitashiriki meza ya Bwana. Miezi mingi nimekaa benchi la nyuma nikiona mkate unanipita. Nimevumilia. Leo ilikuwa zamu yangu.

Shida ni kwamba sijui kuogelea, na Nile si bafu. Mvua ikinyesha huko juu, mto unabeba hata magogo. Kwa hiyo niliazima jaketi la kuelea kwa jirani mwenye boti, nikalivaa chini ya joho jeupe. (Nilionekana mjamzito. Mke wangu alisema ni mapacha.)

Pasta aliniongoza hadi maji ya kifuani. Akaniuliza kama nimemwamini Bwana. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tena kwa sauti. Nikaitikia tena kwa kichwa, midomo nimeibana, maana maji yale hayajachemshwa.

Akanilaza. Nikaibuka kabla hajamaliza kutaja Utatu. Akanisukuma kwa nguvu zaidi. Kichwa kikazama kidogo, miguu ikatokea upande wa pili, pamoja na soksi zangu. (Ndiyo, soksi. Chini kuna chupa zilizovunjika.) Kwaya ikashindwa kuimba. Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu.

"Mzee, ndani ya joho iko nini?" pasta akaniuliza.

"Jaketi la kuelea."

"Sasa toa."

"Sitoi."

"Mzee, wewe hapana na imani?"

"Imani ninayo, Pasta. Kuogelea ndiko sina."

Akamwita shemasi. Shemasi akakandamiza kifua, pasta akakandamiza kichwa, nami nikaendelea kuelea kama kibuyu. Ndipo pasta akateleza. Mkondo ukatuzoa sisi wawili, shemasi akabaki ameshika mkono wa joho langu, bila mkono wangu ndani.

Pasta hakutaja tena habari ya kuvua jaketi. Alinikumbatia shingoni. Tukashuka na mto, mimi chali, yeye juu yangu, tukiwapita wanawake waliokuwa wakifua, mpaka mahali malori ya maji yanapojaza matangi. Dereva mmoja alitutupia mpira wa kuvutia maji, tukaushika, akatuvuta. "Malesh, baba," alinipa pole, kisha akakaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Pale maji yalifika magotini. Nikamwambia pasta kwamba hapa nitavua kwa hiari yangu. Akautazama mto, akalitazama jaketi.

"Lala," akasema.

Nikalala kama mtoto ndani ya beseni, katikati ya malori na bodaboda zilizokuwa zikioshwa. Akanizamisha mpaka pua, mpaka nywele chache nilizo nazo. Waumini walipofika wakikimbia, kazi ilikuwa imekwisha. Shemasi akanong'ona kwamba ubatizo wa magotini labda hautoshi. Pasta, meno yakigongana, alimjibu kwamba umetosha kabisa. Jumapili ijayo nitapokea mkate.

Nawaandikia kutoka saiba ya mtaa wa Hai Cinema, tulikopita tukirudi nyumbani, na mke wangu, kando yangu, bado anajifuta machozi. Acheni acheke. Siombi radhi. Nikiitwa mtoni kesho nitavaa jaketi lile lile, na soksi. Nanyi mkienda kuogelea katika joto hili, msiingie mahali ambapo hamjui kina chake, na msimwonee aibu yeyote asiyeweza kuwavuta mkizama.

Mungu amlinde kila asomaye haya, majini na nchi kavu, na amjalie siku zote miguu yake iguse chini.