Mkazi wa Majaribio

Mzee Vitus alitoka ofisi ya mipango miji akigombana na hewa.

"Stoo yangu, matofali yangu, bati langu! Halafu niombe ruhusa mtu alale ndani? Panya waliolala humo miaka yote waliomba kwa nani?"

Flavian alikuwa ameegemea ukuta wa nje, anaota jua la Sumbawanga, ambalo mwezi wa sita huwaka kwa mapambo tu. Aliposikia neno "stoo" likifuatiwa na neno "alale", akajiweka sawa shati. Sasa tusidanganyane mapema hivi: Flavian hakuwa na kazi pale ofisini. Hakuwa na kazi popote. Alikuwa na kizibao cha kung'aa kama cha watu wa barabara, futi ya chuma kiunoni, na mdomo ambao Mungu aliutengeneza siku aliyoamka vizuri. Kwa vitu hivyo alikuwa anakula mjini, anavaa, na kuitwa "injinia" na wauza vocha.

Ila safari hii injinia alikuwa na shida ya kweli, na shida yenyewe iliitwa Zita. Zita wa Kaengesa, fundi cherehani, msichana wa kucheka polepole, alikuwa amemkamata vibaya. Flavian angeweza kumdanganya mtu yeyote chini ya jua isipokuwa moyo wake, na moyo ulishaamua. Tatizo ni baba mtu, Mzee Urbano, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa maneno machache. "Mimi sitaki hadithi," alisema. "Nitakuja mjini na dada yangu, nione paa ambalo binti yangu atalala chini yake. Nisipoliona, kuna mgane mmoja kule Msanzi, mwanaume mwenye trekta, anamuulizia." Na Flavian, kwa taarifa yenu, siku hizo alikuwa analala kwenye benchi la saluni ya kinyozi, kwa hisani ya mshikaji wake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ni wa humo ndani?"

Flavian akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mzee, tusiongelee hapa."

Mtakuwa mmegundua kwamba hakusema ndiyo. Alikuwa muumini, uongo wa moja kwa moja aliuogopa.

Wakahamia kwa mama ntilie, mzee akanunua chai kwa uchungu. Habari yake ilikuwa nyepesi. Nyuma ya nyumba yake kule Kizwite kulikuwa na stoo ya mahindi, imara, ya matofali ya kuchoma, na kwenye mchoro iliandikwa stoo. Yeye alitaka igeuke nyumba ya kupangisha. Ofisini walimweleza vizuri tu: lete mchoro mpya, majirani waridhie, weka madirisha na choo, watu waje kukagua, usubiri kikao. Mzee Vitus alivumilia yote mpaka neno "usubiri". Hapo akanyanyuka.

"Kwani hawakukwambia habari za mkazi wa majaribio?" Flavian aliuliza.

"Mkazi wa nini?"

"Ah! Ndiyo maana watu wanakataliwa." Akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Mzee, jengo limezoea mahindi. Leo unaliingizia binadamu, litampokea? Lazima kwanza alale humo mtu anayejua kulala. Anasikiliza baridi inaingilia wapi, moshi unakwama wapi. Akiridhika, wakaguzi wanakuja, kibali kinatoka."

"Na huyo mtu analipwa ngapi?"

"Halipwi hata senti. Anakula tu."

Kwa bahili, maneno "hata senti" ni muziki. Siku ya pili yake Flavian alihamia na begi lake, na stoo ikapata mkazi.

Jamani, kazi ya majaribio ina raha yake! Usiku wa kwanza alisikiliza baridi, asubuhi akatoa taarifa: jengo linahitaji dirisha. Dirisha likawekwa. Akasikiliza tena: sakafu inatoa vumbi la kumkohoza mpangaji. Sakafu ikapigwa saruji. Ukuta ukapigwa lipu, kikachimbwa choo, kikaletwa kitanda, kikafuata godoro nene na mablanketi, maana jengo lisingeweza kupimwa na mtu anayetetemeka. Mzee Vitus alilia kila alipofungua pochi, lakini alifungua. Kilichogoma kuhama ni dumuzi tu, wale wadudu wa mahindi, waliokuwa wakimdondokea Flavian masikioni usiku kudai nyumba yao.

Mke wa mzee, Mama Bertilla, hakuingilia. Miaka mingi alipandisha dagaa kutoka Wampembe, kule ziwani, kuja kuuza sokoni, na sasa alikuwa amepumzika, amejifunga kanga, anasikiliza. Alimpakulia Flavian ugali wa ulezi, akamuuliza maswali ya upole.

"Bwana mkazi, na jengo likikukataa?"

"Nitahama, mama."

"Na likikukubali?"

"Mtapata kibali."

"Lo, kazi nzito hiyo. Ongeza mboga, mwanangu."

Flavian alimwona mama wa watu, asiyejua hili wala lile. Wasomaji wangu, nawaomba mkae na kosa hilo kidogo.

Zita alipopiga simu kwamba wazee wanakuja Jumapili baada ya misa, Flavian alimweka mzee chini.

"Wakaguzi wanakuja. Lakini siku hizi hawaji na magari ya ofisi. Wanakuja kwa siri. Hawa watajifanya ni wakwe zangu."

"Wakwe!"

"Wanataka kuona nyumba inavyopokea wageni wa heshima. Na wakiuliza nyumba ni ya nani, sema ni yangu. Mwombaji haruhusiwi kujisifia."

"Serikali ina akili," alisema Mzee Vitus, akaenda kutafuta tai.

Jumapili ikafika. Mzee Urbano aliingia uani na koti lake zito, nyuma yake dada yake, Shangazi Rosina, mwanamke mwenye macho ya kuhesabu. Mzee Vitus akawapokea kwa kuinama mpaka tai ikagusa magoti.

"Nimekuja kuona binti yangu atalala wapi," alisema Urbano.

"Binti, ee!" Vitus alikonyeza jicho kwa nguvu. "Bila shaka, binti. Karibuni, *wakwe*."

Urbano akamwangalia Flavian. Flavian akanong'ona, "Jirani yangu. Mzee mwema, jicho lake moja linamsumbua."

Vitus alikwishamshika mgeni mkono anamvuta chooni. "Tazama mwenyewe, mheshimiwa. Shimo refu, halina harufu. Vuta pumzi! Vuta, usiogope!" Akampeleka chumbani, akaruka ruka juu ya sakafu. "Saruji tupu! Ruka na wewe, mheshimiwa, ujiridhishe." Mzee Urbano hakuruka, ila aligonga ukuta, akapapasa dirisha, akalikalia godoro, na uso wake ukaanza kulegea. Flavian akaona harusi. Akaona hata rangi ya suti.

Ndipo dumuzi mmoja, mwana wa haramu, alipojiachia kutoka kwenye paa akatua begani kwa Shangazi Rosina.

Shangazi alimshika kwa vidole viwili, akamsogeza dirishani. "Huyu ni dumuzi," alisema taratibu. "Dumuzi hafuati watu, anafuata mahindi. Kaka, hii ni stoo. Tumeletwa kwenye stoo."

Mzee Urbano akasimama kutoka kwenye godoro. Flavian alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, hakikutoka kitu. Alichoona ni trekta linaingia Kaengesa, na Zita wake anapandishwa juu yake na sanduku la nguo. Roho ilimuuma kweli, si utani.

"Stoo ya wapi tena, wifi yangu?"

Mama Bertilla alikuwa mlangoni na sinia la ugali na samaki wa migebuka, ametulia kabisa.

"Mwaka huu kijana huyu kavuna mpaka kakosa pa kuweka. Akayalaza mahindi kitandani, yeye akalala chini, na baridi hii! Nikamwambia, mwanangu, utaumwa kifua. Akanijibu, mama, niache, haya ni mahindi ya kuolea."

Shangazi Rosina akamwachia dumuzi. "Kweli?"

"Ningekuwa na mwingine kama huyu ningelala usingizi."

Flavian alimsikiliza akijawa na furaha ya fundi anayeona kazi safi ya fundi mwenzake. Hakuna neno lililozidi, hakuna lililopungua, na machozi yalikaa tayari pembeni ya jicho bila kudondoka. Kisha akagundua kwamba mama hajamaliza, na furaha ikaanza kumpungua.

"Na lile shamba letu la bondeni, sisi wazee hatuna nguvu, amesema analilima yeye. Si ndiyo, mwanangu?"

Mzee Urbano akageuka kumwangalia.

"Ndiyo, mama," alisema Flavian.

"Nikamwambia tugawane mazao. Kakataa! Anataka yote yawe yetu."

"... Ndiyo, mama."

"Jiko langu la nyasi analiezeka bati kabla ya mvua. Na kila mwisho wa mwezi anatupa hela ya matumizi, hata kabla yeye hajala."

"Mama," Flavian alisema kwa sauti ya mtu anayezama, "mambo mengine si ya kusema mbele za watu."

"Mnaona? Hapendi kusifiwa."

Mzee Urbano akaushika mkono wa Flavian, akaupapasa. "Mkono laini huu, kwa mkulima."

"Anaupaka mafuta, baba," alisema Mama Bertilla. "Anaogopa asije akamkwaruza Zita."

Basi! Shangazi Rosina alifuta macho kwa upindo wa kitenge. Mzee Urbano alikula ugali mpaka sinia likang'aa, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. "Kijana, mimi nilikudhania mjanja wa mjini. Nisamehe. Zita ni wako. Lakini mimi napita hapa kila nikileta mahindi sokoni. Nitakuwa naingia, simuulizi mtu ila mama huyu. Siku akiniambia umewaacha wazee hawa, binti yangu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Karibu sana, baba," alisema Mama Bertilla. "Siku zote nipo."

Walipoondoka, Flavian aliingia ndani akaanza kusukuma nguo kwenye begi. Mama Bertilla akaketi kwenye kigoda mlangoni.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Mwanangu, dagaa wakifika huku juu wameshakaa guniani hadi wamechoka, nami nimewauza miaka yote kama waliotoka majini asubuhi. Wewe uniletee mimi mkazi wa majaribio? Na simu zako za usiku na Zita nisizisikie?"

"Sasa mbona hukunifukuza?"

"Nikufukuze ili iweje? Nimemwomba mume wangu dirisha moja kwenye stoo hii tangu sina mvi, hakutoa hata msumari. Umekuja wewe, katoa lipu, saruji na choo." Akacheka kidogo. "Kibali nimekiomba mwenyewe, ofisini, kwa foleni kama watu. Kiwanja kina jina langu pia. Walikuja kukagua siku mzee yuko sokoni na wewe uko mjini kwenye uinjinia wako. Wamekuta madirisha, wamekuta choo, majirani wameridhia. Kibali kimetoka juzi. Hii ni nyumba sasa, na wewe ni mpangaji. Masharti umeyakubali mwenyewe, mbele ya wakwe."

Flavian akafunga zipu. Kulikuwa na basi la Mpanda alfajiri. Mjini Mpanda hakuna aliyemjua, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ni baraka. Simu ikaita.

"Flavian," alisema Zita, na alikuwa analia. "Baba amenipigia wakiwa njiani. Anaimba! Anasema amepata mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa naogopa, nikwambie ukweli. Niliona una maneno mengi, nikasema pengine nyuma yake hamna kitu. Nisamehe, mpenzi."

Flavian alitafuta la kumjibu. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja lililofaa.

"Nakusubiri," alisema mwishowe, akakata simu akiwa ameketi juu ya godoro, begi limelala miguuni.

Mzee Vitus akachungulia mlangoni, tai imegeuka upande. "Wamesemaje wakaguzi? Tumefaulu?"

Mama Bertilla akatazama pembeni.

"Mmefaulu, mzee," alisema Flavian. "Kibali mnacho."

"Ha! Nilijua, ni kile choo! Na yule mkali, aliyejifanya baba mkwe? Yule anaigiza, bwana! Nusura nimwamini."

"Yule atakuwa anarudi."

"Anarudi kukagua nini, na jengo limepita?"

Flavian akavua kizibao cha kung'aa, akakikunja taratibu, akakiweka juu ya mto.

"Kunikagua mimi," alisema, akamuuliza Mama Bertilla shamba la bondeni liko upande gani.