Mistari ya Kichwa cha Binti Yangu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Sanaa

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUSHUSHIWA HADHI NA DROO MOJA NA PICHA MOJA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa mikono safi, maana nimenawa saruji kwanza. Mimi ni fundi wa vigae, na ni baba wa mmoja wa wale wanafunzi wawili walioandaa maonyesho ya "Tulipokuwa Wasichana" kwenye ukumbi wenu wa chini. Mwenzake ni yule rafiki yake tunayemwita Betri, kwa kuwa haishiwi chaji. Nilikuja Jumamosi na mke wangu, nimevaa koti. Nilirudi nimelivua kwa jasho la aibu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabati la Betri. Ni kabati la kawaida la nguo, ila ukilifungua linasema. "Kaa vizuri!" "Shuka ukutani, wewe si mvulana!" Ni sauti za mama wadogo, mashangazi na walimu. Nilicheka sana, Mheshimiwa, mpaka nilipovuta droo ya chini ikauliza: "Unakwenda wapi? Na nani? Utarudi saa ngapi?" Ilikuwa sauti yangu. Walinirekodi lini, sijui. Baadaye nikamuuliza mwanafunzi mmoja choo kiko wapi, ukumbi mzima ukageuka. "Ndiye yeye!" akasema dada mmoja. "Ile droo!" Tangu hapo kila niliyemsalimia alinijibu anakwenda wapi, na nani, na atarudi saa ngapi.

2. Picha ya binti yangu. Hii ndiyo iliyonishikisha kalamu. Ameichora mwenyewe, imechukua ukuta mzima. Mtoto wa shule amekaa sakafuni, nyuma yake mwanaume yuko kwenye kigoda, chanuo mdomoni, anamsuka. Mwanaume huyo ni mimi. Mwaka ule mama yake, ambaye ni muuguzi, alipangiwa zamu za alfajiri, na kichwa cha mtoto kikawa kazi yangu. Sikatai. Ninachokataa ni mistari. Imepinda! Mmoja unaanzia kwenye paji la uso na kuishia sikioni, kama umepotea njia na unaona haya kuuliza. Nilimwambia binti yangu airekebishe. Akanijibu, "Baba, shuleni walinicheka, lakini sikukubali mtu anifumue." Hilo, Mheshimiwa, si jibu la kitaalamu.

3. Madhara. Riziki yangu ni kunyoosha mistari. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliiona picha hiyo. Jumatatu nikamkuta amepiga magoti bafuni kwake, kwenye sakafu niliyoimaliza juzijuzi, anapima kwa rula. "Naangalia tu, fundi," akasema. Anaangalia tu! Kesho jirani yake naye ataangalia tu. Watu watashinda wamepiga magoti mabafuni, hakuna atakayepata nafasi ya kuoga, na mji mzima utanuka kwa sababu ya chuo chako.

4. Ninachoomba. Kwanza, kando ya picha kibandikwe kikaratasi kisemacho kwamba nywele si vigae. Kama hilo halitoshi, siku ya kufunga maonyesho nimsuke binti yangu upya mbele ya wageni, kwa uzi na pimamaji, mkaguzi wa majengo akishuhudia. Na ile droo iongezewe mengine niliyokuwa nikisema, kama vile "Umekula?" na "Chukua mwavuli." Nayo niliyasema sana. Sijui kwa nini hayakurekodiwa.

Nisalimie walimu wote, na mlinzi wa getini aliyenishikia koti bila kuuliza maswali. Ukimwona Betri, mwambie chakula chake tunamfunikia kama kawaida.

Ndimi, niliye wima bado,
Fundi Vigae, baba wa msanii

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii na kuniambia kuna bwana anataka kuinunua ile picha akaitundike ofisini kwake. Tafadhali, Mheshimiwa, asiuziwe. Nimeshahamisha kabati la vyombo sebuleni ili itoshe ukutani. Na mtu yeyote asithubutu kunyoosha mstari hata mmoja. Yule mtoto alikuwa akinisimulia habari za shule, anageuka huku na huku, nami nilikuwa nasikiliza, siangalii mkono.