Mvua Niliyoiita Mimi

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Niaje, Mpekuzi! Najua unasoma kitu isiyo yako. Haya, kaa basi, usome vizuri.

Leo tena mwethya, kazi ya pamoja. Kijiji chote mtoni, kila mtu na mawe yake, tunajenga ukuta wa kushika mchanga na maji. Mgongo wangu umekataa. Lakini niko na mpango! Mradi wa huu ukuta unaleta kipima-mvua, na mwenye kukichunga habebi mawe. Hiyo kazi ni yangu. Nani mwingine hapa Mwala anajua umande ni mvuke umepoa kwa nyasi? Jiografia nimejisomea. Kitabu nusu, jalada hakuna.

Wathome, jirani yetu, pia anaitaka. Wathome! Huyo anajua wilibaro tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefundisha wamama wakichota mchanga. Ukungu ni wingu limelala chini. Mwangwi ni sauti imegonga mlima ikarudi. Mama Katunge, mwenyekiti wetu, akauliza kama ukungu unaweza kubeba jiwe. Wakacheka mpaka karai zikaanguka. Wathome alicheka kushinda wote.

Redio ya Mwikali, yule wa duka, iko na neno geni, Elnino, eti mvua kubwa yaja. Kwa kitabu changu haliko. Uongo basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

USHINDI! Ngurumo, nyuma ya mlima, mbili nzito. Nikapanda juu ya mawe nikatangaza: radi hupasha hewa moto, hewa inapasuka, hiyo ndio ngurumo. Mvua ni ya leo! Watu wakatupa sururu, wakakimbia shamba kupanda. Mwaitu, yaani mama yangu, amemaliza mbegu yote, mahindi na ndengu. Hata Wathome alipanda!

Ijumaa, 10 Oktoba

Jua. Ilikuwa baruti. Wanapasua mawe ya barabara kule nyuma. Mbona hakuna mtu aliniambia?

Jumapili, 12 Oktoba

Jua. Mchwa chini, kwale juu, wote wanakula mbegu yetu. Ingine hakuna. Mwaitu amesema ikiisha nitakula kitabu, na hatanichemshia. Kanisani Mama Katunge aliombea vijana wa mdomo mrefu, macho wazi, akiniangalia. Tangu hapo nafukuza kwale. Nimepiga magoti kwa mtaro pia, nikaomba mvua. Usimwambie Wathome.

Jumatano, 15 Oktoba

MVUA!!! Imeanza alfajiri, bado inapiga. Bati inalia, hatusikizani. Mwaitu amecheka mpaka akaketi kwa tope.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mahindi imetoka! Tulipanda kabla ya mvua, sasa yetu iko mbele ya vijiji vyote. Ukuta tulimaliza, mto umeanza kushika mchanga. Na kipima-mvua nimepewa MIMI! Mama Katunge alisema afadhali nitangaze mvua ya jana, ya kesho nimwachie Mungu. Wathome alipiga makofi, eti sasa mtoni kutakuwa na amani. Wivu huo.

Elnino? Nimeangalia tena. Haliko.

Halafu jioni nimefika ukurasa wa tetemeko la ardhi. Ardhi inajitingisha kutoka ndani, nyumba zinaanguka. Nikiwa hapo hapo, sufuria za mwaitu zikatingika. Mara mbili! Wathome akipita akasema ni baruti. Wathome anajua nini? Jumapili nasimama kanisani: kila mtu alale nje, mvua isiwe sababu.

Ungekuwa mimi, Mpekuzi, ungenyamaza?