Kituo cha Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mama Funguo, mwenzangu,

Leo nimezungusha wageni mji wa kale mara mbili. Wageni ishirini na sita, magoti mawili, yote mabovu. Nimeeleza ngome uliyoifungua kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili. Siku hizi wameweka kufuli moja la kisasa. Vile vitambaa vya rangi ulivyofunga kwenye kila ufunguo viko kwenye droo ya jikoni. Sijavigusa. Nimevigusa mara moja.

Jambo limenijia chini ya mnara wa taa. Kila siku nawataja magavana waliokufa miaka mia tatu iliyopita, watu ambao hata paka hawawalilii. Wewe una miezi saba tu, na hakuna anayekutaja. Binti yetu akipiga simu, nikianza habari zako, anauliza kama nimekula.

Sasa sikiliza. Mnara wa walinzi umefungwa, ngazi zimepasuka. Ramani ya makumbusho ilikuwa na vituo kumi na tatu. Vimebaki kumi na viwili. Ofisa wa makumbusho atapita Ijumaa kukagua mapendekezo. Kipaza, yule mwongozaji mwenzangu mwenye sauti ya kuamsha wafu (wewe hajakuamsha), anapendekeza ghala la mjomba wake.

Mimi nitapendekeza kisima chetu. Kikiingia kwenye ramani, itanibidi nisimame pale kila siku na kumtaja mwenye kisima, yaani wewe. Itakuwa kazi, si majonzi. Hakuna atakayeniuliza kama nimekula.

Jumanne, 5 Machi

Kasoro moja. Kituo lazima kiwe na miaka isiyopungua mia. Kisima chetu kilichimbwa na baba yako mwaka tuliooana. Nimejaza kwenye fomu kwamba mabaharia wa kale walichota maji hapa kabla ya kung'oa nanga. Nimeanza na "inasemekana". Neno hilo limetulisha waongozaji wote wa mji huu.

Kaka yako fundi mwashi kaja kuangalia. Nikamwambia nataka kisima kizeeke kabla ya Ijumaa. Akasema, "Shemeji, mbona wewe umezeeka bila fundi?" Kisha akanishauri nipake maziwa ya mgando, eti utaota ule ujani wa kwenye kuta za ngome. Nimepaka lita tatu.

Jumatano, 6 Machi

Ujani hakuna. Paka tisa. Wamelamba kisima kikang'aa kuliko siku kilipojengwa.

Jirani mshonaji akaniuliza kutoka dirishani kama nimefungua hoteli. Nikajibu ni utafiti. Akasema hata marehemu angecheka. Nikasimama pale na ndoo yangu. Nilitaka aseme tena, lakini alikuwa amesharudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimefika kwenye ukingo wa kisima. Unajua kilichopo: maandishi yako ya kidole kwenye simenti, na mwaka. Pia kile nilichokifanya mimi. Ofisa akikiona, mabaharia wote wamezama.

Nimekanda udongo mwekundu, nikafunika kila kitu, nikausawazisha kwa mwiko wako. Nikajiambia ni siku moja tu. Nakufunika ili upate kuonekana. Nilipolisema kwa sauti halikunoga.

Kipaza kapita, akanusa. Akauliza mbona kisima cha mabaharia kinanuka mtindi. Nikamwambia mabaharia wa zamani walikuwa watu wa maziwa. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Ijumaa, 8 Machi

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua nne, kutoka mlangoni hadi kisimani.

Ofisa ni binti mpole, miwani na daftari. Kipaza alikuja naye bila kualikwa. Nikaeleza mabaharia, nanga, kiu yao. Nilieleza vizuri, hata mimi nikasikia kiu. Ofisa akaomba kuonja hayo maji ya kihistoria. Nikavuta ndoo. Ikayumba, kama inavyoyumba siku zote, maji yakamwagika ukingoni. Udongo ukateremka kama uji.

Ofisa akainama, akasoma kwa sauti: "Usiegemee. Simenti mbichi. 1987." Na juu ya maneno yenyewe, viganja viwili vikubwa, vidole vyote kumi vimetanuka.

Akauliza ni vya baharia gani. Akaniomba mkono. Nikauweka. Ukaenea, ila vidole vimepinda kidogo siku hizi.

Basi nikasema kweli. Kwamba ndoa yetu ilikuwa na wiki tatu. Kwamba uliandika, ukaniita nije nisome. Nami ili nisome vizuri, nikaegemea. Kwamba ulimkataza baba yako kusawazisha, ukasema pabaki hivyo hivyo, pawe ushahidi. Na kwamba kwa miaka thelathini na sita, kila nilipopuuza neno lako, hukugomba. Ulinyoosha kidole kisimani tu, ukaendelea na shughuli zako.

Kipaza akavua kofia. Akasema kumbe maandishi haya ni ya Mama Funguo. Akasema alipokuwa anajifunza kazi, ulikuwa ukimfungulia ngome kabla ya saa, ajizoeze kupaza sauti bila watu kumcheka. Sikulijua hilo. Miaka yote hiyo ulikuwa ukimnoa mpinzani wangu, halafu unakuja nyumbani unanipikia. Tutalizungumza.

Ofisa aliandika: "Hakina umri." Ghala la mjomba limepita. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kughushi ukale. Alipokuwa akiondoka aligeuka, akakitazama kisima tena. Nilidhani ameona paka.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa nimelala mchana, viatu miguuni. Nikasikia sauti ile uani. Nikajua ni Kipaza, nikajua amekuja kunicheka mbele ya watu. Nikasogeza pazia.

Alikuwa na wageni kumi na wanne, njiani kutoka mnara wa taa kwenda ghalani. Kwetu hapamo kwenye ramani. Hakuna aliyemtuma. Akasimama pembeni ya kisima akakutaja, kwanza Mama Funguo, kisha jina lako kamili, la baba na la babu, kwa sauti ile. Mshonaji alizima cherehani. Wageni wakapanga foleni, mmoja mmoja akiweka mikono kwenye viganja vyangu. Mama mmoja akamwambia mumewe aangalie vizuri hivyo viganja, mwenye navyo ni ndugu yake kwa ukaidi.

Nilikaa nyuma ya pazia mpaka wakaondoka. Magoti hayakuuma.

Kasoro moja. Kipaza anawaambia niliegemea kwa sababu sikujua kusoma. Huo ni uzushi mtupu. Nitamwandikia Ofisa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekagua ukingo. Kuna ufa kando ya kiganja cha kushoto, na wageni wakizidi utapanuka. Kaka yako anasema atakuja Alhamisi. Mimi nikachanganya simenti mwenyewe, nikaziba. Nikaandika onyo kwa kidole, maneno yako yale yale: usiegemee, simenti mbichi. Herufi zangu hazikai kwenye mstari kama zako. Nikainama nione zimepinda kiasi gani. Miwani ikateleza.

Nikaegemea.

Sasa viganja ni vinne. Naandika kwa mkono wenye simenti, unisamehe madoa. Sikio la kufa halisikii dawa, ulikuwa ukisema, na hukuwa ukimsema jirani.

Kesho saa tatu Kipaza anapita na watu thelathini. Nimeshapanga. Nitamwambia hivi vipya ni vya nahodha. Inasemekana.

Nikumbuke huko uliko, mwenzangu, hata kwa kunyoosha kidole tu.