Mashuka Mawili kwa Mutu Mmoja

Yanonge, Ijumaa tarehe 30 mwezi wa nane 2024

Kwa Mama Préfète Marie-Jeanne,
Internat ya Wasichana, Makiso, Kisangani

Mama Préfète muheshimiwa,

Kwanza afya. Huku kwetu wote ni wazima isipokuwa mimi, nina hasira, na hasira hiyo ndiyo imeshika kalamu. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nasikia wewe, mukubwa wa shule, ni mutu wa Kasongo, na mimi Kiswahili nilikipata sokoni Kisangani, miaka tisa nikiuza samaki wakavu katika duka la mzee Nassoro. Kifaransa sina. Tafadhali usinijibu kwa Kifaransa, itakuwa ugomvi mwingine.

Mimi ni Ruphin Lifoko, noko wa Benie, yaani ndugu ya marehemu mama yake, Angèle. Benie ni yule wa miaka kumi na sita, mwenye pengo la jino, muliyemuchukua miaka mitatu iliyopita pamoja na wasichana wengine ambao familia zao hazina uwezo. Mulisema humo internat atalala bure, atakula bure, atasoma bure. Nikakubali, lakini nilijua kuna kitu. Nani analisha mutoto wa mwenzake wali na maharage miaka mitatu, kwa ajili ya jiografia tu? Bon, sasa hicho kitu nimekiona. Ni harusi. Kwa hiyo nakujulisha, kwa heshima zote, kwamba Jumatatu masomo yakianza Benie, ambaye yuko hapa likizo, hatarudi kwenu. Sababu zangu ni hizi.

1. Marraine. Wiki iliyopita mulituma bahasha kusema kwamba Benie amepata marraine huko Ubelgiji. Ndani mulitia picha: mama muzungu, miwani, mbwa. Mama Préfète, sisi si watoto. Hapa kwetu kila mutu anajua marraine ni nani. Ni yule mama anayesimama karibu na bibi harusi kanisani, anamufuta jasho, anamushikia maua, na kesho yake anaamua ugomvi wa ndoa. Mwenye marraine ana harusi, na mwenye harusi ana bwana. Alors, huyo bwana iko wapi? Mbona mimi noko sijamuona, sijamusikia, hata blanketi yangu na panga na kofia, vitu vya noko tangu zamani za babu, sijaletewa? Muzungu huyo aliweka na barua yake. Aliyenisomea ni Sébastien, pilote wa baleinière, ile mashua ndefu ya injini inayokwenda Kisangani, mutu anayejua Kifaransa sana. Alisema mama huyo anauliza siku ya sherehe. Bila haya!

2. Trousseau. Katika bahasha hiyo kulikuwa na karatasi ya pili, na juu yake neno hilo kwa herufi kubwa. Sébastien alitikisa kichwa kwa huzuni, akatueleza kwamba trousseau ni vitu ambavyo bibi harusi anaingia navyo nyumbani kwa bwana. Nikamuambia aendelee kusoma. Ndoo moja, sahani moja, blouse nyeupe moja (nyeupe, Mama Préfète!) na mashuka mawili. Hapo nikamusimamisha. Mashuka mawili ya nini kwa mutu mmoja? Mimi nimelala miaka hamsini na mbili bila shuka la pili, na sikuanguka kitandani.

Haya yote Benie hayajui. Mambo ya ndoa hayasemwi mbele ya binti, ndiyo desturi, kwa hiyo bahasha nimeificha chini ya godoro langu.

3. Aibu. Sasa niseme namna mulivyomuharibu. Ukutani kwangu kuna karatasi ya Kifaransa yenye muhuri, chini ya kioo, niliyopewa zamani nilipokuwa kibarua katika shamba moja la kahawa karibu na Yangambi. Ni heshima ya nyumba. Kila mugeni akija, Sébastien anasimama mbele yake na kutusomea jinsi patron, mwenye shamba, alivyosifu bidii yangu. Juzi Benie naye akasimama akaisoma, neno kwa neno, mbele ya wageni saba na pombe. Akasema ni demande d'explication, yaani barua ya kumudai mufanyakazi maelezo ya kosa lake. Akasema patron anauliza nilikuwa wapi siku kumi na moja, na brouette ya shamba, ile ya gurudumu moja, iko wapi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sijui nani aliwaambia mufundishe watoto kusoma vitu vilivyokwisha kutundikwa. Na brouette bado inafanya kazi, aliyetaka kuiona angekuja tu kuuliza kwa upole.

4. Dawa. Lydie, binti yangu wa mwisho, alishikwa na homa kali. Nilikuwa na chupa ya dawa, mali safi, nimeinunua ng'ambo ya mto kwa mutu wa kupita, na Sébastien alikuwa amesoma maandishi akahakikisha ni ya homa ya watoto. Kijiko kilikuwa tayari kwenye mudomo wa Lydie. Benie akaja, akaishika chupa, akasoma, akaimwaga yote nje. Eti ni ya minyoo ya mbuzi! Hata ruhusa hakuomba. Akamubeba mutoto mugongoni mpaka centre de santé, na huko wakamupa dawa nyingine, akapona kwa siku tatu. Sasa nauliza: kama alikuwa wa kupona, haraka ya kumwaga chupa yangu ilikuwa ya nini?

5. Bibi yangu, mama wa Lydie. Huyu hamukumuchukua internat, lakini ameharibika bila kutoka nyumbani. Jioni anakaa na Benie na kipande cha kaa la moto lililozimika, wanaandika ukutani mwa jikoni. Zamani nikisema jambo, alisema ndiyo. Siku hizi anasema, kwa nini? Neno hilo limetoka Makiso, mimi nalijua kwa harufu. Siku ya nne ya masomo hayo akaandika jina lake lote juu ya sufuria, na sasa anatuuliza sisi tunaokula kama tunajua sufuria hiyo ni ya nani.

Donc, kwa kuwa munataka kumuoza, na kwa kuwa mumemuharibu, nimeamua kumuoza mimi mwenyewe kabla yenu. Sébastien amejitolea. Ni mutu wa miaka arobaini na moja, ametulia, na ndoa ameizoea, maana ana bibi mwingine Isangi. Mbuzi ameshaleta, amefungwa nyuma ya nyumba, usiku mzima analia.

Kama muna pingamizi, ninaomba jambo moja tu kati ya haya. Muniletee huyo bwana wa kizungu na marraine wake hapa Yanonge, waketi kwenye mukeka, tuulizane. Au mukishindwa, munirudishie Benie wa zamani, yule niliyewapa, ambaye hakusoma ukuta wala chupa. Na mukishindwa hilo pia, basi muchukue bibi yangu naye akamalizie masomo, kwa maana nusu mutu nyumbani ananichosha zaidi kuliko mutu mzima.

Nisikufiche, Mama Préfète. Naogopa. Angèle aliniachia mutoto huyu akiwa na miezi minne, nikamulea kwa mukono huu. Wakati yuko kwenu nyumba inakuwa kimya, na ninakula bila kusikia ladha. Ubelgiji ni mbali. Isangi, kwa Sébastien, ninaweza kufika kwa mutumbwi.

Nisalimie walimu wote, mama anayepika maharage, sentinelle wa mulangoni aliyenikopesha kiti siku ya kikao cha wazazi, na wasichana wa chumba cha Benie, kila mutu kwa jina lake ingawa siyajui. Salamu pia kwa mbwa wa ile picha, yeye hana kosa.

Mimi niliyekasirika kwa heshima,
Ruphin Lifoko, noko

P.S. Nilikuwa nakunja karatasi hii nikaanza kuisoma tena toka mwanzo, kama alivyonizoeza mzee Nassoro. Nikafika namba tatu. Nikafika namba nne. Nikajiuliza: kama Sébastien alisoma aibu yangu akasema ni sifa, na akasoma dawa ya mbuzi akasema ni ya mutoto, basi na trousseau je? Nikatoa bahasha chini ya godoro, nikamuita Benie. Amesema ni orodha ya vitu vya kulalia na kulia, na mashuka ni mawili kwa sababu moja likifuliwa, lingine linabaki kitandani. Bon. Amesema marraine wa internat hana harusi, ni mutu wa kusaidia chakula na madaftari. Na barua ya muzungu haiulizi sherehe yoyote. Inauliza kama goti la noko limepona. Benie alikuwa ameandika habari za goti langu katika barua ya kujieleza, ile wasichana wote waliandika shuleni kabla ya kutafutiwa marraine. Nilitoka nje kidogo.

Mbuzi wa Sébastien amerudishwa. Kwenye baleinière yake hatupandi tena, kwa hiyo kesho alfajiri nitamuleta Benie mwenyewe kwa kasia, na Jumapili jioni tutakuwa kwenu, goti likipenda. Benie amehesabu makosa kumi na manne katika barua hii. Nimemukataza kuyagusa, ujue ni mimi niliandika. Barua atakupa yeye kwa mukono wake. Mimi nitakuwa nimesimama mulangoni pamoja na Lydie, ambaye ana miaka kumi na moja na hajui bado kusoma chupa. Shuka analo moja tu. Ndoo anayo.