Kamati ya Kulivalisha Zimwi

Kwa mamlaka aliyopewa na Wizara, pamoja na mengine aliyojipa mwenyewe, Naibu wa Mwalimu Mkuu, Bwana Ngari, alitangaza paredini kwamba kuanzia Jumatatu hiyo zimwi lolote litakalochorwa ndani ya ua wa shule litakuwa chini ya kamati.

Wanafunzi mia nne wa shule hiyo ya bweni, karibu na Karurumo, walipiga makofi. Walikuwa wamefundishwa kupiga makofi kwanza na kuelewa baadaye, utaratibu ambao Bwana Ngari aliuona kuwa nguzo ya elimu.

Zimwi lenyewe lilikuwa la mchezo. Muhula uliotangulia, Munyi wa kidato cha tatu alikuwa amebuni mchezo wa kukaa mezani. Kila mchezaji anajifanya mtu fulani, mwindaji au mganga au mfua vyuma, anatupa dadu iliyochongwa kutoka kipande cha sabuni, na Munyi anamwambia kilichompata. Mara nyingi kilichompata ni kuliwa. Aliyekula ni Zimwi la Thuci, lililokaa katika pango kando ya mto wa jina hilo, na aliyelichora ni Igoki, msichana mrefu wa kutoka Githongo ambaye hakusema mengi. Alilichora kwa makaa ya jikoni juu ya karatasi ya mfuko wa simiti: uchi, jembamba, mbavu nje, jicho moja, meno yasiyo na idadi. Mabweni yote yaliliabudu. Wapo waliokataa kwenda msalani peke yao.

Sasa Munyi alikuwa ametangaza Sehemu ya Pili, na mashabiki walikuwa na masharti. Walitaka zimwi lile lile, ila jeusi zaidi, na jicho liwe jekundu. Walisema wazi kwamba zimwi likilegea hata kidogo watarudi kucheza drafti kwa visoda, na Munyi na Igoki wacheze na kuta.

Bwana Ngari naye alikuwa na sharti moja tu, na lilikuwa la moyoni. Mwalimu Mkuu alikuwa anastaafu Desemba. Siku ya Wazazi ingehudhuriwa na mkuu wa tarafa, yaani D.O., Bwana Kiunga, na neno la Bwana Kiunga kwa wakubwa lingetosha kumfanya naibu kuwa mkuu. Bwana Ngari alikuwa ameshapima madirisha ya ofisi ile kwa ajili ya mapazia. Kilichokosekana ni jambo jipya la kumwonyesha mgeni wa heshima, kwa maana ng'ombe wa maziwa wa gredi wa shule alikuwa ameonyeshwa miaka mitatu mfululizo na alianza kujulikana kwa jina.

Kamati ilikutana katika maabara. Wanachama walikuwa Bwana Ngari, mwenyekiti. Bi Peninah wa sayansi ya nyumbani. Na Bwana Gitari wa kilimo, ambaye alikuja kwa sababu aliambiwa kuna chai. Munyi na Igoki walisimama mbele yao kama washtakiwa, zimwi limetandazwa mezani kati ya mitungi miwili ya vyura.

"Kwanza," akasema Bi Peninah akiangalia pembeni, "hiki kitu kiko uchi."

"Ni zimwi, Mwalimu," Munyi akasema.

"Hata kama. Tuna wasichana hapa."

"Aliyelichora ni msichana."

"Ndiyo maana nasema!"

Kamati ikaazimia kwamba zimwi livalishwe suti. Igoki akachukua penseli za rangi alizonunuliwa na ofisi, akauliza kwa adabu, "Ya rangi gani, Mwalimu?"

"Kahawia," akasema Bwana Ngari bila kusita. "Kahawia ni rangi ya kuaminika."

Bwana Gitari akaweka kikombe chini. Alikuwa ameona mbavu. "Kijana, zimwi hili linakaa tarafa gani?"

"Yetu, Mwalimu. Thuci si hapo tu?"

"Na limekonda namna hii? Unataka mgeni aseme tarafa yake ina njaa? Mpe huyu mtu tumbo. Tumbo la haja, la mtu aliyekula na kushiba, na chakula kikabaki."

Zimwi likapewa tumbo. Jicho moja lilionekana kuwa dhihaka kwa walemavu, likafunikwa kwa miwani ya jua. Nywele zilizosimama ziliwekewa kofia. Kucha zilikuwa wazi mno, na mwenyekiti akaamua kwamba mkono usio na kitu ndio huleta fujo, basi ukashikishwa fimbo nzuri ya mzeituni. Pango lilikuwa na giza, na giza lilimaanisha kwamba maendeleo hayajafika; likaondolewa, zimwi likakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kushona, thamosi ya chai mkono wa kulia.

Yakabaki meno.

"Lifunge mdomo," Bi Peninah akapendekeza.

"Hapana," akasema Bwana Ngari. "Litabasamu. Tabasamu ni amani."

Hapo Igoki alipinga kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Mwalimu, likikunja uso unajua limekasirika, unakimbia. Likitabasamu hujui linataka nini."

"Litabasamu, Igoki. Meno yote."

"Sawa, Mwalimu. Yote."

Munyi alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Igoki, wasee wa bweni watatumaliza," akanong'ona. "Walitaka zimwi. Hii ni nini sasa?"

"Wewe ngoja," Igoki akasema, akichonga penseli ya kahawia.

Kisha kamati ikageukia silaha. Katika Sehemu ya Kwanza wachezaji walikuwa na panga, mikuki na mishale ya sumu. Mwenyekiti alieleza kwamba nchi ilikuwa na utulivu, na wanafunzi hawawezi kuruhusiwa kumshambulia mtu aliyevaa suti. Vita vikafutwa.

"Sasa zimwi litashindwaje?" Munyi akauliza. Alikuwa anaona mchezo wake ukizikwa mbele ya macho yake, tena na watu wanaokunywa chai.

"Kwa mazungumzo. Wachezaji waliulize maswali ya heshima."

"Na likikataa kujibu?"

Bwana Ngari hakuwa amefikiria hilo. Igoki ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi. "Linavuliwa kitu kimoja. Kofia, halafu miwani. Likibaki halina kitu, mchezo umeisha."

"Sawasawa!" mwenyekiti akapiga meza, vyura wakatikisika. "Huo ndio uwajibikaji. Andika kwamba wazo ni la kamati."

Maoni ya mashabiki nayo yalikusanywa, kwa kuwa shule iliheshimu maoni. Yalipokelewa, yakashukuriwa, yakafungiwa stoo pamoja na majembe.

Picha ilipotundikwa kwa majaribio katika ukumbi wa kulia, Bwana Ngari alisimama mlangoni kujionea. Wanafunzi waliacha githeri. Kisha mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akasimama mbele ya picha, akavua sweta, akaivaa vizuri zaidi, akasema, "Shikamoo."

Bwana Ngari alifurahi karibu alie. Sanaa ilikuwa inafundisha adabu.

"Na lile zimwi la zamani je?" akamuuliza kiranja mmoja. "Hamkulitaka lile zaidi?"

"Lile lilikuwa la usiku tu, Mwalimu," kiranja akajibu kwa heshima zote. "Unalala, kunakucha, limekwisha. Huyu anaweza kuja mchana, na gari."

"Hayo ndiyo maendeleo," akasema Bwana Ngari. Jioni hiyo watu walipanga foleni kucheza, na Munyi akamtazama Igoki kama mtu anayetazama mvua katika kiangazi cha Januari.

Siku ya Wazazi ilifika na jua lake. Wazazi walikaa kwenye viti vya madarasa, magoti yakiwafikia kidevuni. Bwana Kiunga alichelewa kadiri cheo chake kilivyomruhusu, akashuka garini, na shule nzima ikamwona: suti ya kahawia, kofia, miwani ya jua, fimbo ya mzeituni, na mbele ya hayo yote, likimtangulia kama askari wa kusafisha njia, tumbo.

Wanafunzi hawakucheka. Ikumbukwe kwa sifa yao. Mia nne waliuma midomo kwa pamoja, na Bwana Ngari akaisoma hali hiyo kuwa nidhamu.

Alipanda jukwaani. Alizungumza juu ya umoja, juu ya choo kipya, kisha akafika penyewe. "Bwana D.O., wazazi, mtakachoona sasa hakijawahi kuonekana katika wilaya hii. Na naomba ieleweke: kila kitu katika picha hii ni wazo langu. Suti ni mimi. Tumbo ni mimi. Wanafunzi walishika penseli tu."

Akavuta shuka lililoifunika picha.

Wazazi walitazama picha. Wakamtazama Bwana Kiunga. Wakarudi kwenye picha. Mama mmoja wa mstari wa mbele akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakicheza.

Bwana Ngari ndipo alipoona. Aliona yote kwa mkupuo mmoja, kofia mpaka thamosi, na jasho likamtoka mahali ambapo hakujua pana jasho.

Lakini Bwana Kiunga alikuwa anatabasamu. Meno yote.

"Mwalimu," akasema, "miaka kumi na mbili natumikia watu, hakuna aliyewahi kunichora. Umenipata! Hata kochi! Sasa hii ni ya nini?"

"Ni... ni kielelezo cha uongozi, Bwana D.O.," akasema Bwana Ngari, moyo ukimrudi taratibu, na mapazia nayo yakirudi. "Wanafunzi huuliza maswali, na, eh, kiongozi hujibu."

"Basi mnataka picha ya nini na mwenyewe yuko hapa? Leteni hilo kochi!"

Kochi la ofisi ya walimu likaletwa. Bwana Kiunga akaketi, fimbo katikati ya magoti. Munyi akaja na dadu ya sabuni na uso wa padri, akaeleza kanuni: asipojibu, anavua kitu kimoja.

"Mimi siogopi swali," Bwana Kiunga akacheka. "Uliza!"

Kiranja akauliza ni mto gani unatenganisha Embu na Meru. Bwana Kiunga akajibu, "Thuci!" na uwanja ukalipuka kwa makofi. Akauliza mwingine idadi ya kata za tarafa. Akazitaja zote. Bwana Ngari alianza kupumua kwa pua.

Ndipo mama wa leso akainua mkono. Jina lake Wanjugu, mkulima, mwenye watoto watatu shuleni hapo.

"Na mimi naweza cheza?"

"Mama, huu ni wa wanafunzi," Bwana Ngari akasema haraka.

"Mwache mama aulize!" Bwana Kiunga akaamuru. Alikuwa amenogewa.

Wanjugu akasimama, akanyoosha sketi. "Ile paipu ya maji ilikuja na lori mwaka juzi. Tuliimba, tukacheza, tukakupatia kuku. Lori ikazunguka, ikarudi na paipu. Hiyo paipu iko wapi?"

Bwana Kiunga alikohoa. "Jambo hilo, mama yangu, liko mbioni."

"Samahani, Bwana D.O.," Munyi akasema kwa upole wa kutisha. "Kwa kanuni ya kamati, 'liko mbioni' haionyeshi mahali. Kofia, tafadhali."

Mgeni wa heshima akamtazama Bwana Ngari. Bwana Ngari akatazama mawingu. Kukataa kungekuwa kusema anaogopa swali la mama wa shamba, basi Bwana Kiunga akacheka cheko fupi, akavua kofia. Kulikuwa na kipara kidogo, kinyenyekevu kabisa.

Mzee mmoja akasimama bila kuitwa. Aliuliza kwa nini nyaya za umeme zinapita juu ya paa lake na bado anasoma Biblia kwa koroboi. Jibu lilikuwa kwamba suala hilo ni la kitaalamu. Miwani ikatoka. Mwingine akauliza habari za mahindi ya msaada yaliyoonekana yakiuzwa sokoni. Fimbo ikatoka. Wa nne aliuliza tu, "Na trekta?" Bwana Kiunga akavua koti mwenyewe, bila kuombwa, kwa kuwa alikuwa ameanza kuelewa mchezo.

Bila kofia, miwani, fimbo na koti, alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na mtu wa kawaida huulizwa maswali bila zamu. Uwanja mzima ukasimama. Wanafunzi walisogea nyuma, kama wachezaji wazuri wanaowapisha wakubwa. Dereva alileta gari mpaka kwenye maua. Bwana Kiunga aliingia na shati lake, na kupitia dirishani akamwambia Bwana Ngari maneno matano tu: "Suti ni wewe, eh? Tutaonana."

Mbuzi aliyechinjwa kwa heshima yake aliliwa na wazazi. Inasemekana alikuwa laini.

Haki haikumsahau Bwana Ngari. Kabla ya Desemba uteuzi wake ulifika: alikuwa Mwalimu Mkuu kamili, mwenye ofisi na mshahara wa cheo, wa shule mpya kule chini Kiambere, katika nyika ya Mbeere. Alifunga mapazia yake kwenye sanduku, akanyoa, akavaa suti na kofia, akasafiri mpaka mahali ambapo lami inakwisha, kisha mpaka mahali ambapo barabara nayo inakwisha.

Alikuta kibao kilichopakwa rangi vizuri. Nyuma ya kibao kulikuwa na miiba, mawe, na jua lote la Mbeere.

Mama mmoja aliyechunga mbuzi alisimama akamkagua, koti mpaka viatu. Hakuwa amewahi kusikia habari za mchezo wowote.

"Wewe ndio mwarimu mukubwa?"

"Ndiyo, mama," akasema, akinyoosha tai.

"Haya. Hiyo shule iko wapi?"

Bwana Ngari alifungua mdomo. Lile jibu lilikuwa pale pale, limekaa ulimini, tayari kwenda mbioni. Alilimeza. Mbuzi walimtazama. Kisha, kwa sababu ya joto bila shaka, akainua mkono, akavua kofia.